Nani Alipie Swali la Mwanafunzi?

Hoja iliyoletwa mezani ni hii: mwanafunzi wa udaktari asihangaike kutafuta ruzuku ya utafiti kwa jina lake mwenyewe. Asome, afaulu, amalize mwaka wa mafunzo kazini, ndipo aanze kuwaandikia wafadhili. Walioketi kuijadili ni wanne: mwanafunzi wa mwaka wa nne, daktari bingwa anayesimamia tafiti za wanafunzi, muuguzi wa siku nyingi aliyekwisha kusaidia watafiti wengi wodini, na mhasibu wa miradi wa chuo. Nimewatunga wote wanne, lakini wanayoyasema husemwa kila wiki kwenye korido za hospitali zetu za rufaa, na chumvi sikutia. Msomaji ataona upesi mimi nimeegemea wapi, sitajificha.

MWANAFUNZI: Shikamoo Dokta. Shikamoo Sista.

DAKTARI: Marahaba. Anza wewe, maana wewe ndiye mwenye madai.

MWANAFUNZI: Nina madai na nina deni, na nitaanza na deni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Hicho cha mwisho ndicho kinachochapa hojaji zetu. Asiyekipata anamega bumu lake, yaani fedha ya chakula na malazi. Nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe, na ndani ya deni hilo zimo hojaji. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba utafiti wa mwanafunzi hauna mfadhili. Unaye, ndiye mimi wa miaka kumi ijayo. Ninachoomba ni ruhusa ya kumtafutia mwenzake.

DAKTARI: Hojaji ni karatasi tu, binti. Zinagharimu nini?

MWANAFUNZI: Tupige hesabu. Sote tunaijua 384. Ukiwa hujui ukubwa wa tatizo ukaweka asilimia 50, ukataka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, fomula inakutemea 384. Ongeza asilimia 10 ya watakaokataa, umevuka 420. Hojaji kurasa nne, fomu ya ridhaa kurasa mbili. Kurasa 2,520. Stesheneri ya nje ya geti wakikutoza shilingi 100 kwa ukurasa, umekwisha kutumia zaidi ya laki mbili na nusu kabla hujapanda daladala. Bado ada ya kamati ya maadili, bado vocha, bado nauli ya anayekusaidia kukusanya.

DAKTARI: Weka hojaji kwenye simu. KoboToolbox ni ya bure, uchambuzi fanya kwa R, nayo ni ya bure. Na hiyo 384 yenu mnaikumbatia kwa sababu haihitaji kufikiri. Uliza swali linalohitaji watu 60 uone kama stesheneri itakusumbua.

Hapo Daktari amegusa jambo ambalo nitalirudia, kwa sababu wanafunzi wengi huomba fedha nyingi kwa ajili ya swali hafifu, kumbe swali lenye makali lingewagharimu theluthi ya fedha hizo. Lakini tumwache kwanza amalize hoja yake kubwa, maana ana historia mkononi.

DAKTARI: Nitawatajia wawili. Mwaka 1869, Paul Langerhans alikuwa bado anasomea udaktari Berlin alipoandika tasnifu iliyoeleza vile vifungu vya seli ndani ya kongosho ambavyo leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Mwaka 1916, Jay McLean alikuwa mwanafunzi Johns Hopkins kule Baltimore, mwaka wa pili wa udaktari. Aliwekwa kwenye maabara ya William Howell atafute kitu kinachogandisha damu, akakuta kinachoizuia isigande. Heparini unayoiagiza wodini inaanzia hapo. Walichokuwa nacho vijana hao ni meza, vifaa, na mtu mzima wa kumuuliza. Nenda ukakae kwenye mradi wa mtu. Watafiti Ifakara wapo, vituo vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, vipo, Kilifi nchini Kenya wapo KEMRI na Wellcome tangu 1989. Omba swali dogo ndani ya swali lao kubwa. Sampuli zipo, kibali kipo, unaongeza kipengele tu. Ukishindwa hata hapo, zipo takwimu zilizokwisha kukusanywa: vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma, viko kila kituo cha afya, na utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na malaria wa 2022 takwimu zake huombwa bila malipo.

MWANAFUNZI: Darubini ya Langerhans ilinunuliwa na nani, Dokta? Maabara ile Berlin ilikuwa na bajeti ya dola la Prussia. Unaponiambia niende nikakae kwenye meza ya mtu, unaniambia nitumie ruzuku ya mtu. Sawa, nakubali, lakini tuite jambo kwa jina lake. Na tuseme pia kinachotokea kwenye meza hizo. Mwenzangu alikusanya sampuli likizo nzima, makala ilipotoka jina lake likawa kwenye aya ya shukrani. Hakuuliza swali, hakuandika andiko, hakugusa uchambuzi. Alijifunza kutoboa vidole vya watoto, ambalo ni jambo zuri, lakini alilijua tangu mwaka wa pili. Na hizo takwimu za bure unazozitaja, utafiti ule wa 2022 uliendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa msaada wa mpango mkubwa uliolipiwa na Marekani. Mwaka 2025 Marekani ikausimamisha mpango wenyewe. Hata cha bure kilikuwa na mlipaji, na mlipaji ameondoka.

SISTA: Sasa nisikilizeni mimi, wanangu, kwa sababu mnabishana kana kwamba wodi ni ukumbi wa hotuba. Hakuna utafiti wa bure. Ule mnaouita wa bure namlipisha mama mjamzito. Siku za kliniki wanakuja wanafunzi watatu, kila mmoja na karatasi zake, wanamuuliza mama yule yule kama alimeza dawa ya SP ya kuzuia malaria, kama alitumia chandarua, kama mume anamsindikiza. Anapoitwa na mwanafunzi zamu yake kwenye foleni inapita. Anapomaliza, daladala imeondoka, na nauli aliyokuja nayo ilikuwa ya kwenda na kurudi tu. Mimi naitwa: Sista naomba faili, Sista naomba ufunguo wa chumba, Sista nisaidie kutafsiri. Masaa yangu hayako kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mradi mkubwa ukija, mama anarudishiwa nauli, kuna kiti, kuna mtu wa kumpokea, na mimi napewa karatasi yenye jina langu. Ninyi mnakuja na kalamu.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo Sista unaniunga mkono.

SISTA: Naunga mkono nauli ya mama. Wewe bado sijakuamua. Majibu ya mwaka jana yako wapi? Mlituhoji mpaka wahudumu, hakuna aliyerudi kutwambia tuliugua nini.

Hoja ya Sista ndiyo iliyonivuta mimi upande wa mwanafunzi, ingawa yeye mwenyewe hakukusudia. Tumezoea kuuona utafiti usio na ruzuku kuwa ni wa unyenyekevu, wa mtu asiyependa makuu. Ukweli ni kwamba gharama zake zimesukumwa kwa watu wasioulizwa: mgonjwa anayepoteza nusu siku, muuguzi anayeacha kazi yake, mwanafunzi anayekula mlo mmoja. Kumrudishia mshiriki nauli ni haki na kumhonga ajibu ni kosa. Kamati ya maadili inaijua tofauti hiyo na huiangalia kwenye bajeti. Lakini andiko lisilo na bajeti haliwezi hata kuulizwa swali hilo.

Fedha zinazohitajika wala si nyingi. Historia ya tiba ya Afrika Mashariki ina mfano ninaoupenda kuliko yote. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, mwaka 1957 alipoanza kuona watoto wenye uvimbe wa taya usioelezeka. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25. Alizitumia kuchapa karatasi zenye picha na maswali, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani: je, mnauona uvimbe huu kwenu? Majibu yaliporudi aliyapachika kwenye ramani, na ramani ikaonyesha ukanda. Mwaka 1961, kwa fedha nyingine kidogo na gari kuukuu, yeye na wenzake wawili wakasafiri wiki kumi, maili 10,000, kusini mpaka Afrika Kusini, kuufuata mpaka wa ukanda huo hospitali kwa hospitali. Kansa ile leo inaitwa kwa jina lake. Burkitt hakuwa mwanafunzi, najua, na alikuwa na cheo cha serikali ya kikoloni mgongoni. Ninachokitazama ni ukubwa wa fedha ukilinganisha na ukubwa wa swali. Fedha za kiasi hicho, za kuchapa karatasi na kulipia stempu, ndizo ambazo leo mwanafunzi hajui pa kuziomba. Mhasibu anajua sababu.

MHASIBU: Sababu ni karatasi. Mwanafunzi anadhani akishinda ruzuku fedha itaingia kwenye simu yake. Haiingii. Mfadhili anasaini na taasisi. Mkataba unapita kwa mwanasheria wa chuo, mradi unapewa namba, fedha inaingia akaunti ya chuo, halafu anayeitumia anaomba masurufu, anatumia, anafanya marejesho kwa risiti. Risiti ya mashine, ya EFD. Bodaboda hana mashine, mama lishe hana mashine, kwa hiyo unaandaa karatasi ya malipo yenye jina, saini na namba ya simu. Sasa, ruzuku ya milioni tano inanipa kazi ile ile ya karatasi kama ya milioni mia tano. Na ile kubwa inakuja na kitu cha kuendeshea ofisi. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, huipa taasisi ya nje asilimia 8 kwa gharama hizo. Ni ndogo, lakini ipo. Mifuko midogo mingi haitoi hata senti. Niambie, nani anapenda ruzuku ya mwanafunzi hapo?

MWANAFUNZI: Kaka, umetueleza kwa nini ni usumbufu kwako. Hujaeleza kwa nini isiwepo.

MHASIBU: Nasema ilivyo. Na nyakati zimebadilika. Kuanzia 2010 ulikuwepo mpango wa MEPI, dola milioni 130 za Marekani kwa miaka mitano, kwa shule za tiba katika nchi 12 za Afrika. Chuo cha KCMC Moshi kilikuwemo. Chini ya mwavuli ule vijana walipata mafunzo ya utafiti bila kuandika ombi hata moja. Sasa hesabu mwaka 2025 peke yake: Mei, NIH ikatangaza kuacha kupitisha ruzuku kwa taasisi za nje kupitia vyuo vya Marekani mpaka utengenezwe utaratibu mwingine. Julai, USAID ikafungwa rasmi. Meza zile ambazo Dokta anamtuma mwanafunzi akakae, nyingine hazipo.

DAKTARI: Hilo linanipa nguvu mimi. Fedha zikipungua, wanaogombea wanaongezeka. Wewe wa mwaka wa nne utashindana na wenye uzamivu walioachishwa kazi. Utaandika maombi mwaka mzima, utafeli famakolojia.

Mjadala ulikaribia kukwama hapo, kila mtu kashika upande wake wa kamba. Nikamwomba Daktari aache kidogo swali la kama mwanafunzi aombe, atuambie akiomba hukosea wapi. Ana mafaili ya maombi ya wanafunzi aliyoyapitia, na uso wake ulionyesha kwamba swali hilo alikuwa analisubiri.

DAKTARI: Kichwa cha habari. Naweza kukiandika bila kulisoma andiko: "Ukubwa wa tatizo la kitu fulani na mambo yanayohusiana nalo miongoni mwa wagonjwa wanaohudhuria hospitali fulani." Unabadilisha ugonjwa, unabadilisha hospitali. Mfadhili wa London amesoma mia moja za namna hiyo kabla ya chai. Namuuliza mwanafunzi, ukijua kwamba ni asilimia 31, nani atafanya nini tofauti Jumatatu asubuhi? Kimya. Basi huna swali bado. Lakini akija mwingine akasema, Dokta, watoto wanaolazwa usiku wanasubiri damu muda gani tangu iandikwe mpaka itundikwe, na inachelewa hatua ipi, huyo namkalisha kitini. Anahitaji saa, rejista, na wiki sita. Bajeti yake ni ya mtu mmoja wa zamu ya usiku.

MWANAFUNZI: Kosa la pili?

DAKTARI: Kutosoma masharti. Wito ukisema "mtafiti mchanga", mnakimbilia. Ulaya mtafiti mchanga mara nyingi ana shahada ya uzamivu. Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya umezoea kuwalenga wa uzamili na uzamivu. Tume ya Sayansi na Teknolojia hapa, COSTECH, miito yake huja na maeneo ya kipaumbele na hutaka taasisi nyuma ya jina. Soma ukurasa wa sifa za mwombaji kabla hujasoma kiasi cha fedha. Inayomfaa mtu wa ngazi ya chini ipo, ila ni michache. Chama cha Kifalme cha Tiba na Afya ya Tropiki cha London, kile cha tangu 1907, hutoa ruzuku kwa wanaoanza, isiyozidi pauni 5,000, kazi ya mwaka mmoja hivi. Kwa viwango vya miaka hii hiyo inakaribia au kuvuka milioni 15 za Kitanzania. Kwa mwanafunzi hizo ni fedha za kutosha kabisa, na wakati mwingine ni nyingi kuliko anavyojua kuzitumia.

MWANAFUNZI: Chama chetu, TAMSA, kimo kwenye shirikisho la dunia la wanafunzi wa udaktari, ambalo lina mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa ajili ya utafiti. Unakaa mwezi mmoja kwenye maabara ya nchi nyingine.

DAKTARI: Mwezi mzuri, na nauli ya ndege juu yako. Umeona wanaokuja kwetu kwa utaratibu wa namna hiyo na wanaokwenda kwao? Nisiseme zaidi. Turudi kwenye andiko. Kuna kitanzi kinachowanyonga wengi: kamati ya maadili inataka ioneshwe fedha zinatoka wapi, mfadhili anataka aoneshwe kibali cha maadili. Mwanafunzi anasubiri kimoja ili apate kingine, mwaka unaisha. Peleka vyote kwa pamoja. Kwa kamati andika kwamba ufadhili umeombwa na bajeti ni hii. Kwa mfadhili andika kwamba ombi la kibali limewasilishwa tarehe fulani. Na ujue kama unahitaji kamati ya chuo peke yake au na ile ya taifa iliyoko NIMR, maana ukigundua katikati ya safari umeanza upya.

MHASIBU: Bajeti nayo. Mwanafunzi anaandika "mengineyo, laki tano". Hakuna mengineyo. Andika: nauli ya washiriki 60, kila mmoja shilingi kadhaa kwenda na kurudi, kwa sababu wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto. Anayesoma aone barabara. Na uache kuweka kompyuta mpakato kwenye ombi la wiki sita. Msomaji anajua utaondoka nayo.

SISTA: Weka na masaa ya muuguzi.

MHASIBU: Weka na masaa ya muuguzi, Sista amesema.

DAKTARI: Ratiba. Mnaandika kana kwamba hamna mitihani wala mizunguko ya wodi. Mtu yuko uzazi na watoto mfululizo anaahidi kukusanya takwimu miezi hiyo hiyo. Mfadhili aliyewahi kuwa daktari anacheka. Na tarehe ya mwisho ikisema saa sita usiku ya London, hapa ni saa nane au saa tisa usiku kutegemea msimu. Usitegemee bando la usiku huo. Halafu barua ya msimamizi. Mnaniletea siku mbili kabla, naandika "ni mwanafunzi mwenye bidii". Barua ya namna hiyo inakuzika. Anayesoma anataka kuona kwamba msimamizi amelielewa swali na yuko tayari kushika mradi ukikwama.

MWANAFUNZI: Dokta, kwa heshima zote, andiko langu liko kwenye barua pepe yako tangu Pasaka.

Sista alicheka wa kwanza. Daktari alitafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

DAKTARI: Nasimamia wanafunzi kumi na wawili, nina kliniki, nina raundi, nina watoto wangu. Halafu mtu ananiambia msimamizi ni kikwazo.

MWANAFUNZI: Sisemi wewe ni kikwazo. Nasema katika yote uliyoyataja, kichwa, masharti, kibali, bajeti, ratiba, mimi nikiwa peke yangu naweza kujifunza kila moja. Moja tu siwezi. Siwezi kuwa mtafiti mkuu. Mifuko mingi inataka jina la mwajiriwa wa taasisi. Kwa hiyo hoja iliyoletwa mezani, kwamba nisitafute ruzuku kwa jina langu, imepitwa na wakati kabla hatujaijadili: kwa jina langu peke yangu haipatikani. Swali ni kama wewe utaweka jina lako kwenye swali langu, au mimi nitaweka mikono yangu kwenye swali lako.

Hili ndilo ninaloliona mimi baada ya kuwasikiliza. Vitabu vya kuelekeza jinsi ya kuandika maombi vipo tele, miito iko mtandaoni kwa anayetafuta, na makala za kusoma zinapatikana kupitia mpango wa HINARI ambao vyuo vingi vyetu vimejiunga nao. Uhaba wa kweli uko kwa mtu mwenye cheo aliye na saa tatu kwa wiki za kuwapa wasio na cheo, na kwa fungu la fedha dogo kiasi kwamba hakuna anayeona fahari kulitoa. Wafadhili wakubwa hawawezi kushuka mpaka laki tano. Gharama ya kuisimamia inazidi yenyewe. Anayeweza kushuka mpaka hapo ni chuo chenyewe. Nilipolisema hilo Mhasibu alikunja mikono.

MHASIBU: Chuo kina madeni.

MWANAFUNZI: Ile asilimia 8, kaka. Ruzuku ya dola 100,000 inaacha dola 8,000 chuoni, tuseme milioni 20 za Kitanzania. Nusu yake ni milioni kumi. Laki tano mara ishirini. Wanafunzi ishirini, nauli za washiriki zimelipwa, ada ya kamati imelipwa.

MHASIBU: Hiyo asilimia 8 ni umeme, ni ulinzi, ni mkaguzi wa hesabu. Unadhani inakaa sandukuni? Na ruzuku zenyewe zinapungua, nimeshakwambia. Fedha ya wanafunzi iombwe serikalini. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi Khartoum, 2006, kila moja kutenga asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kenya waliandika kwenye sheria yao ya 2013 kwamba mfuko wao wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la nchi.

DAKTARI: Na walipewa?

MHASIBU: Sheria imeandikwa vizuri.

SISTA: Mimi sielewi asilimia. Nauliza jambo moja. Wanafunzi ishirini, laki tano kila mtu, maana yake ni watu ishirini tena mlangoni kwangu na karatasi?

MWANAFUNZI: Hapana, Sista. Nimefikiria tofauti. Watano tuchukue swali moja. Kwa mfano hilo la damu alilolisema Dokta: mmoja apime muda wodini, mmoja benki ya damu, mmoja apitie rejista za mwaka uliopita, mmoja azungumze na wazazi, mmoja na wauguzi wa usiku. Kibali kimoja, ada moja, msimamizi mmoja, marejesho ya masurufu mara moja. Milioni mbili na nusu kwa mkupuo. Kwa kaka ni faili moja. Kwako ni ratiba moja ukutani, na mama anaulizwa mara moja.

DAKTARI: Na makala itakuwa ya nani wa kwanza? Watano mtagombana.

MWANAFUNZI: Tutaandikiana kabla ya kuanza. Na ikikataliwa nje, kuna jarida la wanafunzi wa udaktari la Dar es Salaam, liko kwenye mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni. Bora humo kuliko kuwalipa wale wanaokuandikia barua pepe usiku, "Mpendwa Profesa".

DAKTARI: Mimi hata wale hunipata. Sawa. Ila kumbuka ukimaliza mwaka wa tano unapangiwa mafunzo kazini popote, pengine Sumbawanga, pengine Mtwara. Takwimu zikiwa nusu, nani anamalizia?

SISTA: Zikae wodini. Rejista iwe yetu, ninyi mchukue nakala. Na kabla hamjatuma popote, mje kwenye kikao chetu cha asubuhi mseme mlichokiona, kwa Kiswahili, dakika kumi. Hilo mliandike kwenye andiko, liwe na tarehe. Msipoliandika mimi chumba sifungui.

DAKTARI: Andika hilo, binti. Kamati ya maadili italipenda, na ni sharti zuri kuliko langu. Mimi nitasaini kama mtafiti mkuu, lakini kwa mwaka mmoja tu, na swali la wazazi mliondoe au mlifanye dogo. Watu watano hawawezi kufanya mahojiano ya kina kwa wiki sita.

MWANAFUNZI: Mahojiano ya wazazi ndiyo moyo wake, Dokta. Wanaosubiri damu ni wao.

DAKTARI: Basi yapunguzwe yawe kumi.

MWANAFUNZI: Kumi na tano.

MHASIBU: Mkimaliza kupatana bei, mjue mwaka wa fedha unaanza Julai lakini sisi maoteo tunayafunga mapema sana. Andikeni barua kwa mkuu wa shule ya tiba, nakala kwangu, na bajeti isiyo na mengineyo. Ikinifikia baada ya Februari, itasubiri mwaka unaofuata.

SISTA: Na nauli?

MHASIBU: Nauli iwe mstari wa kwanza, Sista. Nikiuona wa mwisho najua ndio utakaokatwa.